Mlima Hauzuii Shinikizo la Damu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya afya. Wengi wetu tumevuka miaka 40, na nimesikia baadhi wakidai kwamba mtu aliyekulia milimani hapatwi na shinikizo la damu. Naomba tulipime neno hilo.

Lina ukweli kiasi. Huko Peru, katika miji ya milima ya Andes kama Cerro de Pasco, iliyo zaidi ya mita 4,300 juu ya usawa wa bahari, uchunguzi wa miaka ya 1960 na 1970 ulionyesha kuwa shinikizo la wenyeji halikupanda kwa umri kama la watu wa pwani. Sababu moja inayotolewa ni kwamba uhaba wa oksijeni, ukidumu miaka mingi, huilegeza mishipa ya damu. Mgeni wa siku chache, kinyume chake, shinikizo lake hupanda.

Lakini tazameni Tibet. Lhasa iko mita 3,650 hivi, na bado ugonjwa huu umeenea miongoni mwa wenyeji. Chai yao ya kila siku hutiwa siagi na chumvi. Mwinuko peke yake haukuwakinga.

Na hapa Afrika Mashariki? Mwaka 1929 Daktari Donnison aliandika kuwa watu aliowapima magharibi mwa Kenya hawakupandwa na shinikizo kadiri walivyozeeka. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 1990, ulionyesha kuwa Waluo waliohamia Nairobi, mji ulio juu kuliko kwao, shinikizo lao lilipanda katika miezi michache tu. Walikuwa wakila chumvi zaidi, na uzito wao uliongezeka.

Ndugu zangu, siku hizi tunakalia viti vya ofisi na kupanda magari. Tusijifiche nyuma ya mlima. Ugonjwa huu haupigi hodi. Wengi hawausikii mpaka umeumiza moyo, figo au ubongo. Kipimo kikifika 140 kwa 90 mara kwa mara, mwone daktari.

Nanyi vijana, mkirudi likizo waulizeni wazazi wenu: mara ya mwisho mlipimwa lini?