Namna ya Kutaka Msaada Hesabu za Kompyuta Zinapokwama

Natumaini kila darasa lina ubao na chaki, na kila mwanafunzi ana daftari na kalamu, maana leo tutaandika tarakimu chache na kuzijumlisha pamoja.

Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya kutaka msaada. Si msaada wa fedha wala wa chakula, bali msaada wa hesabu; hasa hesabu za takwimu zinazofanywa kwa kompyuta. Pengine mzee mmoja aliyeketi nyuma atasema, "Mambo ya kompyuta ni ya vijana waliosoma. Sisi yatuhusu nini?" Mzee wangu, yatuhusu sana. Chama cha ushirika huandika mazao yaliyopimwa. Zahanati huandika uzito wa watoto. Kamati ya maji huandika ndoo zilizouzwa kila siku. Siku hizi maandishi ya namna hiyo huingizwa katika kompyuta, na majibu yatokayo humo ndiyo yanayotumiwa kukata shauri. Katika sensa ya Tanzania ya mwaka 2022, makarani walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na vishikwambi, na jumla ikatoka watu 61,741,120. Kila aliyemjibu karani siku zile amechangia katika tarakimu hiyo.

Kwanza tuelewane maana ya maneno. Takwimu ni habari zilizokusanywa na kuhesabiwa, ili tupate kujua hali ya mambo. Programu ni maagizo yanayoifanya kompyuta ifanye kazi fulani. Ziko programu nyingi za takwimu. Moja yaitwa kwa herufi moja tu, R. Ilianzishwa na walimu wawili, Ross Ihaka na Robert Gentleman, katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo lililopewa namba 1.0.0 lilitolewa tarehe 29 Februari 2000. Programu hiyo haiuzwi. Atakaye aweza kuichukua bure. Mtu huandika amri, nayo hujibu. Lakini ni kali kama mwalimu wa zamani. Ukiandika "Mavuno" kwa herufi kubwa mahali ulipokwisha kuandika "mavuno" kwa herufi ndogo, itasema haikijui kitu hicho. Kompyuta hutii neno lililoandikwa. Haijui neno ulilokusudia.

Sasa fungueni madaftari. Tuseme kuna chama cha wakulima wa mahindi, na wanachama wote pamoja wamelima eka 40. Kabla ya kufanya mkataba na mnunuzi, kamati yataka kujua eka moja imetoa magunia mangapi. Karani wa chama amechagua wakulima watano, kila mmoja mwenye eka moja, akaandika mavuno yao hivi: 8, 10, 9, 7, 99. Ameziingiza tarakimu hizo katika kompyuta, akaiamuru itoe wastani. Kompyuta imejibu 26.6.

Hebu tujaribu wenyewe ubaoni. 8 na 10 ni 18. Ongeza 9, ni 27. Ongeza 7, ni 34. Ongeza 99, ni 133. Gawanya kwa 5, utapata 26.6. Basi kompyuta haikukosa. Lakini tazameni tena. Wakulima wanne wa kwanza hakuna aliyezidi magunia 10. Wastani wa 26 na zaidi umetoka wapi?

Umetoka katika ile 99. Karani alikuwa na desturi ya siku nyingi, nayo hutumiwa na wakusanyaji wengi wa takwimu: mtu asiyeonekana nyumbani huandikiwa 99, maana yake "hakuna jibu". Karani ajua hivyo, lakini kompyuta haikuambiwa. Imedhani yupo mkulima hodari aliyevuna magunia 99 katika eka moja.

Kamati ikiliamini jibu hilo, itazidisha 26.6 kwa eka 40, na kumwahidi mnunuzi magunia 1,064. Itakopa fedha ya kununua magunia matupu na kukodi malori. Sasa ondoeni ile 99. 34 gawanya kwa 4 ni 8.5. Zidisha kwa 40, yatoka magunia 340. Ndugu zangu, kuahidi magunia 1,064 na kuleta 340 si jambo la kuchekea. Chama kitalipa deni, na wanachama watakosa fedha ya karo ya watoto, kwa sababu ya tarakimu moja.

Basi tuseme karani ameona kwamba jibu halifai, naye amekwenda kwa mwalimu ajuaye takwimu. Sikilizeni mazungumzo yao.

KARANI: Shikamoo, mwalimu.

MWALIMU: Marahaba. Habari za ofisini?

KARANI: Si nzuri. Kompyuta imeharibika, inatoa hesabu mbaya. Nisaidie.

MWALIMU: Imeharibika namna gani?

KARANI: Sijui, mwalimu. Hesabu hazikubali tu.

Mwalimu huyu afanye nini? Hakuonyeshwa tarakimu, wala hakuambiwa amri iliyoandikwa, wala jibu lililotoka. Ni kama mgonjwa aendaye zahanati akasema "Naumwa", kisha akanyamaza. Mganga atauliza: waumwa wapi? Tangu lini? Umekula nini? Umekwisha kunywa dawa gani? Asipojibiwa, atabahatisha tu.

Kwa hiyo, mtu atakaye msaada wa hesabu za kompyuta hana budi kuchukua mambo manne. Yaandikeni.

La kwanza, aseme kwa maneno ya kawaida anataka kujua nini. Asianze na habari za mashine. Aanze na habari za mahindi.

La pili, alete sehemu ndogo ya tarakimu zake, ambayo yaonyesha taabu ile ile. Ikiwa ana mistari 2,000, asimtwike mwenziwe mzigo wote. Mistari mitano yatosha, kama kosa laonekana humo.

La tatu, aonyeshe amri aliyoiandika, herufi kwa herufi, ataje na jina la programu aliyotumia. Asiseme, "Niliandika kama ulivyonifundisha." Pengine koma moja ndiyo iliyoharibu.

La nne, aonyeshe jibu lililotoka, neno kwa neno, na aseme alitazamia jibu gani na kwa nini. Kompyuta ikikataa kazi hutoa ujumbe wa kosa. Wengi huuona ujumbe huo wakaufuta kwa hofu. Msiufute. Ndio unaoonyesha mahali pa kutafuta.

Sasa karani huyo huyo aandike barua fupi: "Mwalimu, nataka kujua wastani wa magunia kwa eka. Natumia programu ya R. Tarakimu zangu ni 8, 10, 9, 7, 99. Amri niliyoiandika nimeinakili hapa chini. Nilitazamia jibu lisilozidi 10, kwa sababu wakulima wanne niliowakuta hakuna aliyezidi hapo. Nimepata 26.6. Ile 99 ni ya mkulima ambaye sikumkuta nyumbani."

Je, mmeona? Barua ya namna hii yajibiwa kwa dakika tano. Tena mara nyingi mwandishi mwenyewe huliona kosa kabla hajafika mwisho wa barua, akaichana. Kuuliza vizuri ni nusu ya kujibu.

Mwalimu atamwambia hivi: "Ondoa 99, uache nafasi tupu." Katika R, nafasi tupu katika safu ya tarakimu husomwa kama herufi mbili, NA, maana yake "haipatikani". Karani akitaka wastani tena, kompyuta haitatoa tarakimu. Itajibu NA. Asiudhike. Huo si ukaidi, ni uaminifu. Yasema, "Mmoja simjui, basi wastani wa wote watano siwezi kuujua." Lazima aiambie kwa amri: waache wasiojulikana, hesabu waliopo. Ndipo itakapojibu 8.5.

Lakini kazi haijaisha. Yuko wapi yule mkulima wa tano? Labda alikwenda msibani tu, na mavuno yake ni kama ya wenzake. Hapo 8.5 yafaa. Labda shamba lake lilichukuliwa na mafuriko, hakuvuna hata debe, akaenda mjini kutafuta kibarua. Hapo mavuno yake si "haipatikani", ni 0. Jumla ni 34 vile vile, lakini wagawanywa watu 5, nayo yatoka 6.8. Kwa eka 40 ni magunia 272, si 340.

Tumepata majibu matatu: 26.6, 8.5 na 6.8. Kompyuta yaweza kutoa yote bila kusitasita. Mwalimu wa takwimu naye hawezi kuchagua kati ya 8.5 na 6.8, kwa maana hakufika kwenye shamba lile. Anayeweza ni jirani ajuaye habari za mkulima. Hili ndilo neno ninalotaka mlichukue leo: aendaye kutaka msaada haendi mikono mitupu. Mtaalamu ana ujuzi wa mashine, nawe una ujuzi wa shamba. Ukiuficha wako, wake haufai kitu. Wazee walisema, "Mficha uchi hazai."

Hata wakubwa wa dunia walifanya hivyo. Florence Nightingale, muuguzi wa Uingereza, aliwatunza askari katika vita vya Krimea kuanzia mwaka 1854. Aliporudi kwao mwaka 1856 hakuona haya kumwendea William Farr, bingwa wa takwimu za vizazi na vifo mjini London. Muuguzi alijua hali ya hospitali. Farr alijua kupanga hesabu. Michoro iliyochapwa mwaka 1858 ikaonyesha wazi kwamba askari waliokufa kwa maradhi yanayoweza kuzuiwa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa majeraha.

Tena, msichelewe kuuliza. Ronald Fisher, bingwa wa takwimu za kilimo, aliwaambia wenzake nchini India mwaka 1938 kwamba kumwita mtaalamu baada ya majaribio kwisha ni sawa na kumwita daktari aipasue maiti: atasema tu imekufa kwa ugonjwa gani. Kama karani wetu angaliuliza kabla ya kwenda mashambani, angaliambiwa aandike safu mbili, moja ya magunia na moja ya sababu ya kukosa jibu.

Mtauliza, twende kwa nani? Anzeni karibu. Mwalimu wa hesabu wa sekondari, bwana shamba au bibi shamba, karani wa ushirika jirani. Katika Dar es Salaam kiko Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichoanzishwa mwaka 1961, kinachofundisha kazi hii. Siku hizi ziko pia programu zinazojibu maswali kwa maneno kama mtu. Zaweza kusaidia, lakini zaweza kukosea kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Jibu lolote, la mtu au la mashine, lijaribuni kwanza kwa tarakimu tano mnazoweza kuzijumlisha kwa kalamu. Likishindwa hapo, msilipeleke kwenye mistari 2,000.

Neno la mwisho. Mnapopeleka tarakimu kwa mtu wa nje, ondoeni majina, namba za simu na habari za maradhi ya watu. Andikeni "mkulima wa 1", "mkulima wa 2". Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata pasipo sheria, siri ya jirani ni amana.

Basi, ndugu wasikilizaji, muda umekwisha. Msaidizi wa darasa asome maswali yafuatayo, nanyi myajadili kabla ya kwenda nyumbani. Kwaherini.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA DARASANI

1. Taja mambo manne ambayo mtu huchukua akienda kutaka msaada wa hesabu za kompyuta.

2. Kamati ya maji imeandika ndoo zilizouzwa kwa siku nne: 40, 35, 0, 45. Tafuta wastani. Kisha sema: ile 0 yaweza kuwa na maana ngapi? Nani katika kijiji awezaye kujua maana iliyo ya kweli?

3. Ikiwa siku ya tatu bomba lilikuwa zima lakini karani alisahau kuandika, wastani wa siku tatu zilizobaki ni ngapi?

4. Andika barua fupi ya kumwomba mwalimu msaada juu ya hesabu ya swali la pili.