Kikombe cha uji kinalipwa namna gani? Maneno ya mtunza feza mbele ya mkutano wa wanachama



Komite imenipa kazi ya kueleza jambo moja la hesabu kabla hatujapiga kura. Najua hesabu baada ya kula inaleta usingizi. Lakini hii ni hesabu ya uji wa asubuhi wa watoto ku zile shule mbili, ile kubwa ya kando ya ziwa na ile ndogo ya kule juu. Tukiipanga vibaya, ile ya juu itazima moto wake mbele ya Noeli, na watu watasema feza imeliwa.

Jambo limetokana na barua. Ndugu zetu wanaoishi Uingereza, ambao wanachanga sehemu kubwa ya feza hii, wametuandikia hivi: huku serkali imeanza kuwapa watoto wa shule za msingi chakula cha asubuhi bure, na mwaka 2025 ililipa peni 60 kwa mtoto mmoja kwa siku. Bei moja, basi. Ninyi kwa nini mnatuletea karatasi yenye mpishi kando, kuni kando, unga kando? Tuambieni tu kikombe kimoja ni franga ngapi, sisi tutazidisha.

Ni swali zuri, na aliyetoa feza ana haki ya kuuliza. Tena mfano walioleta ni mfano mzuri kuliko walivyofikiri wenyewe. Zile peni 60 zilikuwa za kweli, ila zilikuwa kipande kimoja tu cha hesabu ya Uingereza. Niwaeleze yote, kisha turudi kwetu.

Mwezi wa nne 2025 serkali ya Uingereza ilianza na shule 750 kama majaribio. Sharti lao: shule ifungue mlango angalau dakika 30 mbele ya masomo, mtoto yeyote wa shule ya msingi aingie, ale, asilipe kitu. Bajeti ya kuanzia ilikuwa pauni milioni 30. Sasa, shule ililipwaje? Kwanza ilipata pauni 500 mara moja tu, za kuanzia: vyombo, meza na vitu kama hivyo. Pili, ilipata pauni 1,099 kwa ule muhula, hata kama watakuja watoto wachache. Hii ndiyo feza ambayo barua ya ndugu zetu haikuitaja. Tatu ndiyo hesabu ya vichwa: peni 60 kwa kila mtoto aliyekuja siku ile, na peni 78 kwa mtoto ambaye ndani ya miaka 6 iliyopita jamaa yake ilihesabiwa kuwa na kipato kidogo, akawa na haki ya chakula cha mchana cha bure. Shule za watoto wenye mahitaji ya pekee zilikuwa na viwango vyao, vikubwa zaidi.

Tufanye hesabu pamoja. Shule moja, watoto 100 wanakuja kula, 25 kati yao ni wale wa peni 78. Wale 75 wanaleta pauni 45 kwa siku, wale 25 wanaleta pauni 19 na nusu. Jumla pauni 64 na nusu. Tuseme muhula una siku 60: ni pauni 3,870. Ongeza zile 1,099, unapata 4,969. Ukigawanya kwa sahani zote zilizoliwa, kila sahani imelipwa karibu peni 83.

Shule ya pili ina watoto 20 tu wanaokuja, 5 kati yao ni wa peni 78. Vichwa vinaleta pauni 774 kwa muhula. Ongeza 1,099 zile zile, ni 1,873. Gawanya: kila sahani karibu pauni 1 na peni 56.

Mnaona? Serkali ile ile, muhula ule ule, na sahani ya shule ndogo imelipwa karibu mara mbili ya sahani ya shule kubwa. Mtu akiona namba hizi mbili za mwisho bila kuona njia, atasema direkta wa shule ndogo ni mwizi. Kumbe hakuna mwizi. Yule anayefungua mlango asubuhi na kuwasha jiko analipwa saa yake, wakija 20 au wakija 100.

Wale kati yetu tuliokaa Nyarugusu au Lugufu hatuhitaji Uingereza kutufundisha hili. Posho ilipimwa kwa saizi ya familia. Saizi nane anapata unga wa watu nane, saizi moja anapata wa mtu mmoja. Haki kabisa kwa upande wa unga. Lakini kuni je? Yule mama mzee wa saizi moja, chungu chake kilitaka moto karibu sawa na chungu cha saizi nane. Ndiyo maana wenye saizi moja walikuwa wanapika pamoja, au wanauza sehemu ya unga kupata kuni. Unga unafuata vichwa, moto haufuati vichwa.

Sasa turudi ku shule zetu. Natumia namba nyepesi ili kila mtu afuate. Zile za kweli ziko ku daftari, kila mwanachama anaweza kuja kuziangalia. Tuseme kando ya ziwa wanakunywa watoto 300, kule juu 60. Wapishi wawili, kuni na maji ya bidon, tuseme franga 18,000 kwa siku, na ni karibu sawa fasi zote mbili, maana kule juu kuni ni karibu lakini maji ni mbali. Unga, sukari na chumvi, franga 250 kwa kikombe. Kando ya ziwa siku moja inatoka 93,000. Kule juu inatoka 33,000. Jumla 126,000.

Tukifuata shauri la barua, tunagawanya 126,000 kwa vikombe 360, tunapata franga 350 kwa kikombe. Ni bei safi, inaingia vizuri ku karatasi. Tunalipa. Kando ya ziwa wanapokea 105,000, wanabaki na 12,000 mkononi kila siku. Kule juu wanapokea 21,000, wanakosa 12,000 kila siku. Feza iliyotoka ni ile ile, vikombe ni vile vile, ripoti kwa wafadhili inasoma sawa kabisa. Lakini baada ya juma mbili wapishi wa kule juu wanaenda kulima shamba zao, na mimi siwezi kuwalaumu.

Kwa hiyo komite inaomba tuache hesabu yetu ya vipande viwili: feza ya moto, isiyogeuka, na feza ya unga, inayofuata vichwa. Na rafiki zetu wa Uingereza wakiuliza tena, tuwaambie kwa heshima kwamba serkali yao yenyewe inafanya hivyo.

Hata hivyo tusichukue kila kitu chao. Kule shule iliandika watoto waliokula, kisha feza ya vichwa ililipwa nyuma. Shule ya kule ina feza nyingine ku akaunti, inaweza kungojea. Hata hivyo wadirekta wengi walilalamika kwamba peni 60 haitoshi, na shule kadhaa zilizochaguliwa zilijitoa kabla ya kuanza. Sisi tukimwambia mama mpishi angojee mwezi, tumemwambia atupe mkopo, na yeye ni maskini kuliko sisi. Feza ya moto itoke mwanzo wa mwezi. Ya unga itoke kila juma, kwa hesabu ya juma lililopita.

Lakini kuhesabu waliokunywa, si walioandikwa, hilo tulichukue kwa mikono miwili. Tunajua listi zetu. Tangu masomo ya msingi yatangazwe bure, mwezi wa tisa 2019, kalasi zilijaa mpaka watoto wakakaa chini. Na tunajua upande mwingine pia: mwalimu anafundisha miaka, yuko mbele ya watoto kila siku, lakini jina lake haliko ku listi ya serkali, basi halipwi. Listi inalipa majina, haiangalii nani yuko ndani ya kalasi. Sisi tusiige hilo. Kwa hiyo kila asubuhi vikombe vihesabiwe na watu wawili, mwalimu mmoja na mzazi mmoja, waandike namba na kutia sahihi kabla chungu hakijaoshwa. Siku ya soko watoto wanapungua, namba ishuke. Daftari lenye namba moja kila siku, 300, 300, 300, mimi silipi.

Nabaki na neno gumu zaidi. Wamoja kati yenu wamesema: hiki ni chama cha waliorudi, feza ilichangwa kwa ajili ya waliorudi, basi uji unywe watoto wa waliorudi tu, tutaokoa karibu nusu. Nimewasikia, na hesabu yao ni ya kweli. Lakini fikirini ile asubuhi yenyewe. Watoto wawili wa benchi moja, mmoja anaitwa kunywa, mwingine anabaki kuangalia, kwa sababu baba yake hakukimbia au alirudi mbele yetu. Na baba huyo ndiye tunayegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Kesho yake hatutaongea tena juu ya shamba tu.

Hapa tena ile njia ya peni 78 inasaidia. Mtoto wa jamaa yenye kipato kidogo aliletea shule feza zaidi, lakini sahani ilikuwa moja, meza ilikuwa moja, na mtoto hakujua ni nani analipiwa ngapi. Tofauti ilikuwa ku karatasi ya mhasibu. Sisi pia tunaweza kuwaandikia wafadhili ni watoto wangapi wa waliorudi wako kila shule, na kuomba feza kwa kufuata hiyo, bila kumtenga mtoto yeyote mbele ya chungu. Feza ikipunguka, komite inaona afadhali tupunguze siku: tupike siku tatu za juma, wote wanywe.

Basi kura ni juu ya mambo matatu: feza ya moto kando na ya unga kando, kulipa waliokunywa, na kikombe kwa kila mtoto wa shule. Mnaweza kukubali moja na kukataa lingine. Daftari mbili zimekwisha kununuliwa. Kando ya ziwa wazazi wa kuhesabu tumepata wanne. Kule juu bado hatuna hata mmoja, kwa sababu wanaondoka mapema kwenda mashambani. Kabla ya kura, naomba mtu wa kule juu asimame atuambie ni nani anaweza kufika ku shule saa moja ya asubuhi.