Jenereta Ikitoa Harufu ya Kuungua

Leo tuongee juu ya jenereta. Vikundi vingi vimenunua moja ya kukodisha harusini na matangani, na pesa hizo ni jasho la watu.

Moshi wa petroli mnaujua. Harufu ninayosema ni nyingine, inachoma pua, kama plastiki iliyoangukia jiko. Ukiisikia usiseme, "Itapoa tu." Sisi tulisema hivyo. Ilikuwa usiku wa harambee, spika zinalia, taa zinawaka, halafu mtu akachomeka birika la stima. Harufu ikaja, tukaendelea. Punde si punde, giza. Kumbe mmoja wetu alikuwa ameiondoa swichi ya usalama kwa sababu "inasumbua", akaunganisha waya moja kwa moja. Fundi alipofungua, koili ilikuwa nyeusi ti. Kuifunga waya mpya kulimaliza akiba yetu.

Basi ukisikia harufu hiyo, chomoa vyombo, kisha zima injini. Ukiona moshi au moto, zima injini kwanza, na usimwage maji. Ngoja ipoe kabisa ndipo uangalie. Plagi au soketi ikiwa imeyeyuka au imegeuka rangi ya kahawia, hapo huenda waya ililegea, na waya iliyolegea hupata moto. Waya ndefu ya kuvutia stima nayo, ukiitumia ikiwa imezungushwa, joto halina pa kutokea, ikunjue yote. Lakini kama harufu inatoka ndani ya jenereta yenyewe, usiiwashe tena hata kwa kujaribu. Mwite fundi.

Na hesabu mfanye kabla. Jenereta yetu ilikuwa ya wati 2000. Birika linaweza kula 2000 peke yake, pasi 1000. Mtaweka wapi spika? Pampu na friji ni wajanja zaidi: zikianza kuzunguka huvuta mara kadhaa kuliko zikishachangamka.

Mvua ikinyesha, tafadhali msiiingize jikoni wala barazani. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wamelala.

Siku hizi tumemchagua mama mmoja akae na jenereta. Hakuna anayechomeka kitu bila kumwuliza, hata mwenyekiti.