Matairi Chakavu na Plastiki Kuukuu: Tuchambue Kwanza, Ndipo Tuyeyushe

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya pendekezo la chama chetu la kuinunulia karakana ya shule mashine ya kuchanganya mpira wa matairi chakavu na plastiki kuukuu, ili vijana watengeneze vigae na mikeka ya sakafuni. Naliunga mkono, lakini kwa sharti moja. Ili sharti hilo lieleweke, yafaa kwanza tuvijue vitu vyenyewe.

Tairi lililotupwa si jambo dogo. Likiachwa uani hukinga maji ya mvua, na humo huzaliana mbu wa aina ya Aedes, waenezao homa ya dengu, ile iliyowasumbua watu wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Likichomwa hutoa moshi mweusi wenye sumu. Mafundi wetu wamelikata siku nyingi wakapata katambuga, na mpira wake wa ndani wakaufanya kamba za kufungia mizigo kwenye baiskeli. Kazi hiyo ni njema, lakini ni ya kukata tu. Kwa nini basi hatuliyeyushi tairi tukafinyanga kitu kipya?

Jibu lake lilianza mwaka 1839. Mwaka huo Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira ukipashwa moto pamoja na salfa hauwi tena wa kunata wakati wa joto wala wa kukauka wakati wa baridi. Ninyi msomao kemia mnajua sababu: salfa hufunga mafundo kati ya molekuli ndefu za mpira, zikawa kama wavu. Mafundo hayo ndiyo nguvu ya tairi, na ndiyo yanayotutatiza leo. Mpira huo ni kama yai lililochemshwa. Ukilirudisha motoni haliwi ute tena, litaungua tu. Plastiki ya madumu ni kama samli. Ukiipasha moto huyeyuka, ikipoa huganda.

Basi akili ni kuvioanisha viwili hivyo. Tairi huondolewa nyaya za chuma na nyuzi za kitambaa, kisha husagwa kuwa chembe. Plastiki ya madumu huyeyushwa, nayo hulainika penye digrii 130 hivi za Sentigredi. Chembe za mpira hukorogwa humo, na mchanganyiko hushindiliwa katika kalibu.

Kasoro ipo, na ni vizuri tuiseme wazi. Mpira uliokwisha kuivishwa kwa salfa haushikamani vema na plastiki. Mchanganyiko ukivutwa, ufa huanzia pale chembe inapopakana na plastiki, hivyo mara nyingi hukatika upesi kuliko plastiki tupu. Viwanda hupunguza kasoro hiyo kwa kusaga chembe ndogo zaidi na kwa kutia kitu cha tatu, ambacho mimi hukiita mshenga, kwa kuwa hushika pande zote mbili. Kwa hiyo mali yetu itafaa kwa vitu vya kukanyagwa na kukandamizwa, kama mikeka na vigae vya uani. Haifai kwa ngazi, viti wala boriti.

Huenda muuzaji akawatajia sifa za Santoprene, iliyoletwa sokoni na kampuni ya Monsanto ya Marekani mwaka 1981. Kweli hiyo ni mchanganyiko wa mpira na plastiki. Lakini mpira wake ni mpya, huivishwa palepale unapokorogwa na plastiki, wala hautokani na matairi makuukuu. Tusinunue mashine kwa sifa za kitu kingine.

Sasa sharti langu. Plastiki si ya namna moja. Tazameni chini ya chombo, katika alama ya pembetatu, mtakuta namba. Namba 2 na 4 zinatufaa. Namba 1, ya chupa za maji, huyeyuka karibu na digrii 250, na katika joto hilo mpira huanza kuharibika. Namba 3 ndiyo ya kuogopwa: ni PVC, ambayo mabomba mengi ya maji hutengenezwa kwayo. Ikipashwa moto kupita kiasi hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, inayochoma macho, koo na mapafu. Vipande vichache vya bomba vikiponyoka katika mchanganyiko, walio karibu na mashine wataivuta gesi hiyo. Na walio karibu ni watoto tuliokabidhiwa na wazazi wao.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba pendekezo lirekebishwe hivi: fedha za kwanza zijenge banda lenye kupitisha hewa vizuri, zinunue mapipa ya kuchambulia, na zimlipie fundi mmoja wa karakana mafunzo. Mashine ije baadaye, hata ikiwa ni mwakani. Matairi hayataoza kwa mwaka mmoja, ila tuyafunike yasikinge maji.

Naomba kutoa hoja.