Kompyuta Isimtawale Msomi



Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mpango wa kuzitumia katika hesabu za Hazina kushindwa. Marufuku hiyo imekwisha ondolewa, lakini funzo lake halijachakaa: mtambo usio na wajuzi wake ni mzigo kwa Taifa.

Wako wanafunzi wa vyuo vikuu wapelekao kazi zao dukani zikachapwe na wengine. Kesho mwanafunzi huyo ni ofisa wa halmashauri. Siri za ofisi atazipeleka duka lipi?

Kufundisha kompyuta si kukaririsha vitufe. Mwanafunzi apewe orodha ya mishahara, aitungie kanuni ya kujumlisha, kisha aihakiki kwa kalamu. Mashine hutii hata amri yenye kosa: mstari mmoja ukiachwa nje ya kanuni, jumla itatoka safi, nayo ni ya uongo.

Wala lugha si kisingizio. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Basi kila chuo kiifanye stadi hii somo la mwaka wa kwanza, lenye mtihani wa vitendo.