Waamuzi Wawili Wasipopatana
Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Tumeombwa tuseme machache juu ya mabaraza yanayoamua kama mfungwa afunguliwe kabla ya kumaliza kifungo, akaishi nje kwa masharti. Tumechagua mfano wa jimbo la California, Marekani, kwa kuwa sheria yao imeeleza waziwazi lifanyike nini waamuzi wasipopatana.

Mfungwa wa maisha aliyefikia zamu ya kusikilizwa huketi, kwa kawaida, mbele ya watu wawili. Huulizwa habari za kosa lake, mwenendo wake gerezani, na mahali atakapokaa akitoka. Jamaa za aliyedhulumiwa nao wana haki ya kusema, na maneno yao aghalabu ni mazito kuyasikia. Lakini ubaya wa tendo la zamani haumalizi shauri. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba uovu wa kosa pekee hautoshi kumnyima mtu ruhusa. Sharti pawe na ushahidi kwamba angali hatari kwa watu hivi leo.

Je, mmoja akikubali na mwenziwe akikataa? Hawalazimishwi kukaa mpaka mmoja achoke. Shauri hupelekwa mbele ya baraza zima, likapigiwa kura. Wasipokubali walio wengi, mfungwa hafunguliwi.

Sisi tuliolelewa karibu na mabaraza ya wazee twaona kasoro hapa. Baraza zima halimsikilizi mfungwa upya. Latazama maandishi ya yale yaliyokuwa mbele ya wale wawili. Hivyo wengi wa wanaokata shauri hawajauona uso wake. Hata hivyo twakiri kwamba mwenye shaka hanyamazishwi ili mambo yaishe upesi, jambo ambalo, tukisema kweli, hutokea hata katika vikao vyetu.

Aliyekataliwa huwekewa muda wa kungoja, kuanzia miaka 3 hata 15, ingawa aweza kuomba usogezwe karibu. Na kwa waliohukumiwa kwa kuua, tangu mwaka 1988 Gavana ana uwezo wa kutangua uamuzi wa baraza.

Kwetu Kenya, Ibara ya 133 ya Katiba ya mwaka 2010 yampa Rais uwezo wa kusamehe, au kupunguza adhabu, kwa ushauri wa kamati ambayo Mwanasheria Mkuu ni mmoja wake. Kamati hiyo yaweza kuzingatia maoni ya waliotendewa kosa. Tena ombi laweza kupelekwa na mtu yeyote, si mfungwa peke yake. Wenye jamaa gerezani waliokaa kimya wakidhani hapana mlango, twawaomba wamwone Katibu baada ya mkutano huu, ili wasaidiwe kuandika.