Mama wa Shamba la Maua na Huzuni Isiyokwisha

Mama msikilizaji, leo tunazungumza na wewe uliyetoka Busia, Kisii au kwingineko kutafuta kazi katika mashamba ya maua ya Naivasha, na sasa umepanga chumba Mai Mahiu, Karagita au Kasarani.

Kazi yako ni nzito. Kabla ya tarehe 14 Februari, mawaridi huhitajika sana Ulaya na saa za kazi huongezeka. Mtoto unamwachia jirani, na mama yako mzazi yuko mbali. Uchovu wa kazi huisha ukipumzika. Lakini ukipitisha wiki 2 bila furaha, usingizi hauji, chakula hakipiti, machozi yanakutoka ovyo, au unambeba mtoto wako na huhisi chochote, huo si uvivu, wala hujarogwa. Huenda ni unyogovu, yaani ugonjwa wa huzuni, nao unatibika.

Utaanzia wapi? Siku ya kumpeleka mtoto kliniki, mweleze muuguzi hali yako pia. Usiseme tu kwamba kichwa kinauma. Sema yaliyo moyoni. Ikihitajika, utatumwa Hospitali ya Naivasha. Matibabu ni mazungumzo na mshauri, na wengine hupewa tembe. Tembe hizo huchukua wiki kadhaa kabla ya kusaidia, kwa hivyo usiziache bila kumwuliza daktari. Kama una mimba au unanyonyesha, mwambie mapema.

Unaogopa kukatwa mshahara? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema ukishafanya kazi miezi 2 mfululizo, una haki ya angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka. Leta cheti cha daktari.

Nawe jirani unayekaa naye ploti moja, wewe ndiwe ndugu aliye karibu. Ukiona mwenzako amejifungia, bisha hodi. Mshikie mtoto aende hospitali, au mwandamane. Akisema amechoka kuishi, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo; humpa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake. Ondoa dawa za kunyunyizia mimea na za panya, kisha mpeleke hospitali mara moja. Simu 1199 ya Msalaba Mwekundu haina malipo.

Wala usimfiche kwa kuogopa polisi. Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Anayeumwa hivyo anahitaji daktari, si seli.

Mama, mtoto wako anahitaji chanjo na maziwa. Anakuhitaji nawe ukiwa mzima.